Kuchoma popo hakutaondoa maradhi

*Assalaam alaykum, daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunalima kijijini Hindi, Lamu bara. Tulipohamia hapa msitu ulikuwa nyuma ya nyumba tu. Tangu ijengwe barabara ya kwenda bandarini, miti imekatwa kwa makaa na kwa mashamba, na sasa kima na nyani hawatoki kwenye mahindi yetu. Popo nao wamejaa kwenye miembe ya nyumbani, na watoto huokota maembe yaliyong'atwa wakala. Wiki tatu zilizopita binti yangu wa miaka tisa alikuwa anafukuza kima shambani, akakwaruzwa mkono. Jirani anasema maradhi yote mapya yanatoka kwa wanyama wa mwituni, na vijana wa hapa wamepanga kuwachoma popo moto usiku. Je, ni kweli tukiwamaliza tutakuwa salama?*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Ya jirani na ya popo nitayajibu kwa urefu, lakini la binti haliwezi kungoja. Mpeleke kituo cha afya leo, uwaeleze wazi kwamba alikwaruzwa na kima, lini, na kama damu ilitoka. Uliza chanjo ya kichaa cha mbwa, uliza na ya pepopunda. Kama kituo kilicho karibu hakina, wakuambie inapatikana wapi, Mpeketoni au kisiwani, nawe uende. Usione kwamba wiki tatu zimekwisha basi umechelewa. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na kwa kawaida dalili huanza baada ya miezi miwili au mitatu, mara nyingine baada ya wiki moja tu, mara nyingine hadi mwaka. Ndani ya muda huo chanjo huokoa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Ni kweli kwamba asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huu huambukizwa na mbwa, na mkwaruzo wa kima mara nyingi huishia kuwa kidonda cha kawaida. Lakini kima anaweza kung'atwa na mbwa kama anavyong'atwa punda, na kwa ugonjwa usio na tiba sipendi kubahatisha na mtoto. Siku nyingine yeyote akikwaruzwa au kung'atwa, osheni kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, ndipo mtafute gari. Msipake majivu, wala mafuta, wala pilipili.

Sasa jirani. Maneno yake yana ukweli ndani yake. Kati ya maradhi ya kuambukiza yanayompata binadamu, kama asilimia 60 tunashirikiana na wanyama, na katika yale yaliyozuka miaka ya karibuni, robo tatu hivi yalianzia kwao. Ukimwi wenyewe asili yake ni virusi vya sokwe wa Afrika ya Kati. Anapokosea ni pale anapotoka kwenye ukweli huo na kufikia kiberiti.

Kirusi hakina miguu. Kinaishi ndani ya popo au kima au nyati kwa karne na karne, na mara nyingi mwenyeji wake haugui hata kidogo. Ili kimfikie mwanao lazima kipate njia: mate juu ya embe, mkojo unaodondoka kwenye ndoo ya maji, damu mikononi mwa anayechinja, mbu aliyemuuma huyu kisha akamuuma yule. Msitu wenu ulipokuwa mzima njia hizo zilikuwepo, ila zilikuwa chache. Kima alikuwa na matunda yake huko, nawe ulikuwa na mahindi yako huku. Msitu unapokatwa vipande vipande, ukingo unakuwa mrefu zaidi kuliko mwanzo, chakula cha wanyama kinapungua, na kinachobaki karibu nao ni chakula chenu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kwanza ni njia gani zimefunguka hapo kwako, na zipi unaweza kuzifunga kwa mikono yako. Swali la mnyama gani ana ugonjwa gani linakuja baadaye.

Nikupe mfano ambao kwangu ndio ulio wazi kuliko yote, ingawa ni wa mbali. Mwaka 1994 katika kitongoji cha Hendra, mjini Brisbane, Australia, farasi walianza kufa ghafla, na mkufunzi wao akafa pia. Ilikuja kujulikana kwamba virusi vilitoka kwa popo wakubwa wa matunda, kupitia malisho yaliyo chini ya miti wanayolala. Kwa nini popo walikuwa kwenye miti ya mashamba ya farasi? Watafiti walikusanya kumbukumbu za miaka 25 wakaona jambo hili: popo hawa hula maji matamu ya maua ya msituni, na miti inayochanua wakati wa baridi imekatwa kwa wingi. Msimu wa njaa, makundi makubwa yalivunjika, popo wakatawanyika kwa vikundi vidogo karibu na watu na farasi, wakila chochote. Hapo ndipo maambukizi yalipotokea. Lakini kila majira ya baridi ambayo kipande cha msitu uliobaki kilichanua vizuri, popo waliufuata msitu, wakaacha mashamba, na farasi hawakuambukizwa. Popo walikuwa walewale na virusi vilevile. Kilichobadilika ni mahali pa kula.

Ndiyo maana mpango wa vijana unanitia hofu. Hilo la kuua popo limeshajaribiwa, na tunajua matokeo yake. Mwaka 2007 wachimba madini wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua homa ya Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, kutoka kwa popo waliojaa kwenye mashimo. Baadaye popo hao waliuawa wote. Kufikia 2012 popo wengine walikuwa wameshahamia, wachache kuliko wa mwanzo, na walipopimwa walioambukizwa walikuwa zaidi ya asilimia 13, wakati zamani walikuwa kama asilimia 5. Mwaka huohuo Marburg ililipuka tena katika eneo la Ibanda, si mbali na mgodi huo. Maelezo yanayoingia akilini ni haya: popo wazima waliokwisha kuugua na kupata kinga waliuawa, nafasi ikachukuliwa na wageni na vijana wasio na kinga, na virusi vikapata wa kuwashambulia.

Sisemi popo wa miembe yako wana Marburg. Wale wa mgodini ni popo wa mapangoni na hali yao ni nyingine. Ninachosema ni kwamba vijana wakiwasha moto chini ya mwembe usiku, watakaokufa ni baadhi. Wengine watadondoka wakiwa hai na kung'ata wanaowaokota, na waliobaki watahamia kwenye mapaa ya nyumba na miembe ya jirani. Hiyo ni kufungua njia mpya. Na hasara haitaishia hapo. Mbuyu huchanua usiku na popo ndio wanaoupelekea mbegu ya kiume kutoka ua hadi ua. Mlilana wa mikokoni pia hutegemea popo na nondo wa usiku, na mafundi wa majahazi wa Lamu wanajua wenyewe wanapata wapi mataruma, zile mbavu za chombo.

Kuhusu maembe, hapo nakubaliana na hofu yako. Malaysia, mwaka 1998 na 1999, wafugaji walikuwa wamepanda miembe kando ya mabanda ya nguruwe. Popo walikula, wakaangusha makombo yenye mate, nguruwe wakayala, watu wakaambukizwa na nguruwe. Zaidi ya watu 100 walikufa kwa virusi vya Nipah na nguruwe zaidi ya milioni moja wakauawa. Bangladesh njia ilikuwa nyingine, utomvu mbichi wa mtende: popo hulamba pale penye mfereji na kukojolea chungu usiku, mtu anakunywa asubuhi. Kule wagema walifundishwa kufunika mahali pa kugema kwa jamvi la mianzi, popo asifike. Nipah haijawahi kuripotiwa kwa binadamu hapa kwetu Afrika Mashariki, na sitaki ulale na hofu ya ugonjwa usiokuwepo. Lakini kufunga njia hiyo hakukugharimu kitu. Embe lililong'atwa litupwe shimoni. Usilikate upande mzuri ukampa mtoto, wala usimpe mbuzi. Embe lililoanguka likiwa zima lioshwe na kumenywa. Chuma mapema yale yanayoelekea kuiva, uyaivishe ndani. Maji ya kunywa yasikae wazi chini ya mwembe. Na kama kuna anayegema mnazi hapo karibu, hata kama ni kwa ajili ya tembo tamu la watoto, mwambie afunike kibuyu.

Hata hivyo, dada yangu, ugonjwa mkubwa kuliko wote uliowahi kuipiga Lamu katika kizazi hiki haukuletwa na popo wala kima aliyeingia mjini. Watu wazima wa kisiwani wanaukumbuka. Mei 2004 ilikuwa kavu na ya joto kupita kawaida hapa pwani, mvua ilikuwa haba, maji yakawa ya taabu. Watu wakafanya kila mwenye akili anachofanya: wakahifadhi maji ndani. Mapipa, ndoo, mitungi, mabirika, kila chombo kilijazwa, na kwa kuwa maji yalikuwa adimu hayakumwagwa wala vyombo havikusuguliwa. Katika vyombo hivyo akazaana mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, Aedes, ambaye huuma mchana. Kisha likaja chikungunya. Homa ya ghafla, na viungo kuuma kiasi cha mtu kushindwa kushika kikombe au kuinuka kwenye mswala. Damu za watu zilipopimwa baadaye mwaka huohuo, ilikadiriwa kwamba robo tatu ya wakazi wa kisiwa, kama watu 13,500, walikuwa wameambukizwa. Robo tatu! Sijui mji mwingine wa pwani yetu uliowahi kuchukuliwa hivyo kwa miezi michache.

Kutoka Lamu ugonjwa ulifika Mombasa kabla mwaka haujaisha, mwaka 2005 ukawa Komoro, kisha ukavuka hadi Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya watu waliugua, na mwaka 2006 India ikapata zaidi ya wagonjwa milioni moja. Virusi hivi vilitambuliwa mara ya kwanza 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania ya leo. Asili yake ni misitu ya Afrika, ambako huzunguka kati ya nyani, kima na mbu wa mitini. Jirani yako angesema: si unaona, ni kima! Lakini mwaka ule kisiwani hakukuwa na haja ya kima hata mmoja. Mbu aliuma mtu mgonjwa, akauma mzima, ndani ya nyumba moja, kutoka chumba hadi chumba. Ungewaua kima wote wa misitu ya Boni na Dodori, na Lamu ingeugua vilevile. Malindi nao walipata homa ya dengi mwaka 1982, mlipuko wa kwanza kuandikwa nchini, na ni mbu yuleyule wa vyombo vya maji.

Wazee wa mji wa Lamu walilijua hili kwa njia yao. Katika nyumba za mawe, birika la chooni lilifugwa samaki wadogo ndani, ili wale viluwiluwi vya mbu. Ni kazi nzuri, na ningependa irudi kwenye matangi yasiyo ya kunywa. Kwa pipa na ndoo zako za Hindi, fanya hivi: funika kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kamba, na mara moja kwa wiki mwaga kilichobaki na usugue kuta za ndani kwa brashi. Kusugua ndiko muhimu. Mayai ya Aedes hushikamana na ukuta juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji mengine. Ukimwaga tu bila kusugua, umeyaacha palepale. Mbu anatoka yai hadi kuruka kwa siku saba hadi kumi hivi, ndiyo sababu ya wiki moja. Angalia pia magurudumu mabovu yaliyoachwa kando ya barabara ile mpya, na mabati, na vifuu vya nazi. Hao ndio kima wa chikungunya.

Ulitaka kujua kama mkiwamaliza wanyama mtakuwa salama. Laikipia kuna uwanja wa utafiti ambapo wanyama wakubwa, tembo, twiga, pundamilia, wamezuiwa kwa uzio wa umeme kwa miaka mingi, ili kuona nchi inakuwaje bila wao. Majani yakaongezeka, na panya wakawa mara mbili. Viroboto wakaongezeka pamoja nao, na vimelea wanaobebwa na viroboto hao vikaongezeka vilevile. Wanaoondoka kwanza pale msitu unapoharibiwa ni wakubwa na wachaguzi wa makazi. Wanaobaki na kuzaana ni wale wanaoweza kuishi nasi, panya na popo na kima, na hao ndio wanaoshirikiana nasi vimelea vingi zaidi. Ghala la mahindi lililoinuliwa kwenye nguzo na lenye sahani za bati za kuzuia panya litakukinga kuliko kuua nyani kumi.

Kima na nyani wenyewe wanahitaji kufukuzwa, nalielewa vizuri. Mahindi ndiyo ada ya shule. Wafukuzwe na watu wazima, kwa kelele na mbwa waliochanjwa, watoto wakae mbali. Msiwarushie chakula kamwe. Pale magofu ya Gede wageni wamewazoesha ndizi hadi kima wanadai mkononi mwa mtu, na mnyama aliyezoea mkono ndiye anayekwaruza. Taka za chakula zichimbiwe shimo na kufukiwa. Na kumbuka kwamba ugonjwa hutembea njia zote mbili: katika miaka ya 1980 nyani wa Masai Mara waliokuwa wakila jalala la hoteli ya watalii walipata kifua kikuu cha ng'ombe kutokana na nyama mbovu iliyotupwa hapo, na wengi wakafa. Jalala lilikuwa letu.

Nimalize na lile ambalo mimi ndilo ninalolihofia zaidi kwa watu wa Lamu bara, nalo hukuliuliza. Ni homa ya Bonde la Ufa. Ilitambuliwa karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Virusi vyake vinaweza kukaa ndani ya mayai ya mbu yaliyofukiwa kwenye udongo wa mabonde makavu, mwaka baada ya mwaka, kimya kabisa, mpaka ije mvua kubwa ya mafuriko. Ilikuwa hivyo mvua za El Niño za 1997, na ikawa hivyo tena mwisho wa 2006: Garissa, Ijara, Tana River, hadi Kilifi, kwa jirani zenu kabisa. Mlipuko ule nchini Kenya uliandikisha watu kama 700 na vifo zaidi ya 150. Nyati na wanyama wengine wa porini hukutwa na alama za ugonjwa huu kwenye damu, lakini njia kuu ya kumfikia mtu ni ng'ombe, mbuzi na kondoo wake mwenyewe: damu wakati wa kuchinja, mimba zilizoharibika, maziwa mabichi, na mbu. Malisho yanapobanwa na mashamba na barabara, mifugo, nyati na watu hukutana kwenye madimbwi yaleyale.

Kwa hiyo mvua ikipita kiasi, nyie na wafugaji wanaopitisha makundi hapo sikilizeni mbuzi. Wawili watatu wakitupa mimba kwa siku chache, na vitoto vidogo vikifa, msiguse kwa mikono mitupu, msichinje, msigawane nyama. Mfukieni kwa kina aliyekufa, funikeni mikono hata kwa mifuko ya plastiki, chemsheni maziwa yachemke kweli, na mpigieni afisa wa mifugo siku hiyohiyo, bila kungoja mzoga wa kumi. Mtu akipata homa siku hizo, mueleze muuguzi kwamba mifugo inatupa mimba, kwa sababu asipoambiwa atatibu malaria. Chanjo ya mifugo ipo, ila lazima ichomwe kabla ya mlipuko, nchi ikiwa bado kavu. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi inaweza kuueneza. Vijana wakiwa na usiku mmoja wa kutumia, wautumie kwenda kwa chifu kuomba afisa wa mifugo aje Hindi kabla ya vuli.